Jina jipya la KRA litatuumiza sisi wadogo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka nenda miaka rudi bila kuandika neno, lakini habari yenu kuhusu mpango wa kuibadilisha KRA, mamlaka ya kukusanya ushuru nchini Kenya, iitwe Kenya Revenue Service, na nembo mpya juu yake, imenishinda kunyamazia.

Jina la KRA limo katika sheria iliyoiunda mwaka 1995, kwa hivyo Bunge sharti liketi kulibadilisha. Kisha zifuate gharama za mabango, magari na sare, hadi vituo vya mpakani kama Namanga na Malaba. Eti kwa jina jipya mlipa ushuru ataacha kuogopa. Anachoogopa ni faini, si herufi tatu.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Kampuni iliyokuwa ikiniletea saruji ilibadilisha jina na nembo. Malori yakapakwa rangi, vijana wa kupakua wakavishwa fulana mpya. Wakati huo nilikuwa nimeomba zabuni ya shule moja. Barua ya kampuni niliyoambatisha ilikuwa na jina la zamani, cheti chake cha ushuru kina jina jipya, na kamati ikaniondoa kwa kuwa stakabadhi hazilingani. Nilipowaendea wanipe barua nyingine, niliambiwa nisubiri, karatasi zenye nembo mpya hazijachapishwa! Zabuni ikaenda kwa mwingine, nami nikabaki na mifuko inagandia stoo. Hiyo ni kampuni moja tu, Mhariri. Jina la KRA limo katika cheti cha PIN, nambari ya mlipa ushuru, cha kila mfanyabiashara nchini, na kila karani wa zabuni atapata kisingizio cha kumrudisha mtu nyumbani.

Na hizo ritani za Juni, taarifa za mapato za kila mwaka, je? Vijana wasio na kazi, waliochukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB, hupanga foleni kwenye saiba, vibanda vya intaneti, wakilipa ili wajaziwe ritani ya sufuri, wakihofia faini ya Sh2,000. Kijana hana kipato, na bado anatozwa ili aseme hana.

Pesa za mabango zinunue tarakilishi mbili kwa kila ofisi ya chifu, na maafisa wa KRA wakae hapo Juni nzima hadi saa mbili usiku, wakiwajazia watu bure. Na jina likibadilishwa kwa lazima, sheria iseme vyeti vya zamani vitatambuliwa popote, na afisa wa zabuni atakayevikataa alipe Sh2,000 hizo hizo kutoka mfukoni mwake.

Mfanyabiashara,
Nakuru