Bodi za kusimama: kabla ya Jumamosi Kilifi

Hamjambo wapendwa. Wengi mmeniuliza mnunue bodi gani ya kusimama majini na kupiga kafi. Nawasihi msinunue kwanza. Jumamosi mtajaribu zetu, na miili yenu itawaambia.

Siku ukinunua, angalia upana kabla ya rangi. Urefu futi 10 na inchi 6, upana inchi 32, unene inchi 6: hiyo humfaa mtu mzima wa kawaida. Bodi nyembamba ina mbio, lakini anayeanza itamtupa. Ya kujaza upepo inaingia kwenye buti ya gari, ila ijaze hadi kipimo cha hewa kilichoandikwa, mara nyingi psi 15 (paundi 15 kwa inchi ya mraba). Ikilegea inabonyea katikati kama mkeka.

Kafi nalo: lisimamishe, inua mkono, mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono. Bapa lake huinama kuelekea mbele. Karibu kila mgeni hulishika kinyume.

Tunaingia majini saa moja asubuhi, kabla upepo wa kusi haujachachamaa. Anza kwa magoti, katikati ya bodi penye mshikio. Ukisimama, tazama ng'ambo ya hori. Ukitazama vidole vyako, umeanguka. Na ukianguka, jitupe mbali na bodi.

Kamba ya kufunga mguu na bodi, na jaketi la kuokolea ni lazima, hata kwa waliozaliwa ufukweni. Upepo ukikuzidi nguvu usiiache bodi, ndiyo boya lako: lala kifudifudi upige maji kwa mikono.

Asiyejua kuogelea aniandikie pembeni leo, nimpangie mtu wa kukaa naye.