"Ini lina mafuta" si majibu kamili

Mhariri,

Ripoti ya ultrasaundi ikiandikwa "ini lina mafuta", mara nyingi mgonjwa huambiwa apunguze uzito, kisha karatasi inaingia kwenye faili. Ushauri ni mzuri, ila swali kubwa linabaki: ini hilo lina makovu kiasi gani? Ultrasaundi huonyesha mafuta. Makovu ya mwanzo huipita. Na kadiri makovu yanavyozidi ndivyo hatari ya sirosisi (ini kujaa makovu na kukakamaa) na saratani ya ini inavyopanda.

Hesabu ya kuanzia haihitaji mashine mpya. Huitwa FIB-4: zidisha umri kwa AST, halafu gawanya kwa idadi ya chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Tuchukue mtu wa miaka 58 mwenye kisukari: AST 40, ALT 36, chembe sahani 170. Kwa maabara nyingi namba hizo zote ni za kawaida. Hesabu inatoa 2.27! Chini ya 1.3 (2.0 kwa aliyevuka miaka 65) makovu makubwa ni nadra, juu ya 2.67 aonwe na mtaalamu wa ini. Huyu wetu yuko katikati, kwa hiyo apimwe ugumu wa ini kwa elastografia. Kwa walio chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

ALT ikishuka nayo isishangiliwe upesi. Makovu yakikithiri, ALT huweza kushuka yenyewe, huku chembe sahani zikipungua kwa kuwa wengu uliovimba unazishikilia.

Mwenye sirosisi apigwe ultrasaundi kila miezi 6, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini inayoweza kupanda penye saratani ya ini. Mtego uko hapa: mafuta yale yale hudhoofisha mawimbi ya sauti, na sehemu ya ndani ya ini haionekani. Ripoti ikisema "ini halikuonekana vizuri", haijasema hakuna uvimbe; iombwe picha ya CT au MRI. Uvimbe wa chini ya sentimita 2 mara nyingi bado hukatwa au huunguzwa. Unaojitokeza kwa maumivu na macho ya manjano kwa kawaida umeshachelewa.

Ombi letu ni kwa maabara: zinapotoa AST, ALT na chembe sahani kwa mgonjwa mmoja, ziandike na FIB-4. Umri wake tayari uko juu ya karatasi.