Msamaha wa sharti la kazi haujileti wenyewe

Mhariri,

Wasomaji wenzangu wengi huamini kwamba anayekatiwa msaada wa chakula hapa Marekani ni yule aliyekataa kufanya kazi. Mimi huwasomea wazee wetu barua za serikali, na ninayoyaona mezani kwao ni mengine kabisa.

Tangu 1996, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hupewa msaada huo, ambao bado tunauita stempu ingawa siku hizi ni kadi, kwa miezi 3 tu katika miaka 3, isipokuwa awe kazini au mafunzoni kwa saa 80 kila mwezi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imesogeza ukomo wa umri wa wanaobanwa na sharti hilo kutoka miaka 54 hadi 64, imewaingiza wazazi ambao watoto wao wamefikisha miaka 14, na imewafutia msamaha wasio na makazi pamoja na wanajeshi wa zamani. (Wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu wameondolewa kabisa, lakini hilo lina barua yake.)

Mama mmoja wa miaka 58, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa ni raia wa hapa, alinitolea barua ya kukatiwa iliyokuwa imekunjwa chini ya pakiti ya unga. Katika fomu aliyokuwa amejaza awali, penye saa za kazi, aliandika sifuri, kwa kuwa halipwi mshahara. Kumbe siku tano kwa wiki, tangu alfajiri, huwalea watoto wa mwenye nyumba, naye kwa malipo hayo hatozwi kodi ya chumba. Kanuni huitambua kazi inayolipwa kwa vitu au huduma, na hata ya kujitolea, ila hakuna aliyemuuliza. Goti lake nalo limevimba hivi kwamba hupanda ngazi kwa kuburuta mguu. Alidhani lazima amsubiri daktari athibitishe hali hiyo ndipo asamehewe sharti la kazi, ilhali maelezo ya muuguzi au ofisa ustawi wa jamii nayo hukubalika.

Ofisi zinazotuma fomu hizi zingewapigia watu simu kwa Kiswahili, zikawasomea misamaha mmoja mmoja, kwa maana mkalimani ni haki yao bila malipo. Aliyekatiwa ana siku 90 za kudai kusikilizwa. Dai la mama huyu tuliliwasilisha siku ya 71.

Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky