Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: fangasi wa wagonjwa wetu wasitupwe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mtu wa maabara, na miaka mingi nimeinamia hadubini hapa Mombasa. Ombi langu ni moja: fangasi tunaowaotesha kutoka kwenye damu na mkojo wa wagonjwa wasimwagwe jaani. Wahifadhiwe na wachunguzwe.

Hamira nayo ni fangasi, na kila mpika mahamri anajua ikitiwa maji ya moto hufa, unga ukagoma kuumuka. Anajua pia kuwa hamira kavu hulala miezi kwenye pakiti, kisha huamka ikionja maji ya vuguvugu. Sehemu ya siri hiyo ni sukari iitwayo trehalosi, ambayo hamira hujitengenezea ikajikinga nayo na ukavu na joto. Fangasi jamaa zake wanaotuua wanayo siri hiyo hiyo. Kriptokokasi, anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye Ukimwi, watafiti walimwondolea jeni ya kutengeneza trehalosi, akashindwa kuota kwenye nyuzijoto 37, joto la mwili wetu. Na sisi binadamu hatutengenezi sukari hiyo kabisa! Dawa ya kuziba njia hiyo ingempiga fangasi bila kumgusa mgonjwa.

Dawa za namna hiyo ni adimu kwa sababu seli ya fangasi inafanana na yetu zaidi kuliko ile ya bakteria inavyofanana nayo. Tumebaki na makundi machache tu: flukonazoli na wenzake, amfoterisini inayoumiza figo, na nyingine chache za bei kali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaja fangasi 19 wa kupewa kipaumbele. Miongoni mwa wanne wa hatari zaidi yumo Candida auris, aliyeelezwa kwanza Japani mwaka 2009. Huyu anastahimili chumvi na joto, na amewahi kupatikana ufukweni katika visiwa vya Andaman, Bahari Hindi hii hii yetu. Namna anavyovumilia dhiki hizo ndiyo mlango wa kumtafutia dawa, lakini huwezi kumsoma fangasi uliyemtupa.

Nisemayo nimeyaona. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, damu ya kichanga mmoja iliota fangasi wa jamii ya hamira. Majibu yetu yaliandika "hamira imeonekana", basi. Jina lake hatukulitafuta, wala dawa inayomweza hatukuipima. Akapewa flukonazoli, na siku ya nne mamake akatoka wodini mikono mitupu. Sahani ile tuliyomwoteshea fangasi huyo niliitia mwenyewe kwenye mashine ya kuua vijidudu. Inaniuma hadi leo.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, kabla bajeti haijafungwa, tutengee jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lenye umeme wa akiba, na vifaa vya kutambua aina ya fangasi na kupima dawa inayomweza. Halafu mkae na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, muandikiane makubaliano ili vijana wetu wawatese fangasi hawa kwa joto, chumvi na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli nyeupe za damu huwamwagia, waone wanaponea wapi. Majina ya wagonjwa yafichwe.

Ukinipa nusu saa nitakuja ofisini na hadubini yangu, ujionee.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara, Mombasa