Kabla hujagusa mashine za watu

Mwanangu,

Nimesikia kwa shangazi yako kwamba Jumatatu unaanza mafunzo kiwandani. Kwa shangazi yako! Mimi niliyesimama mbele ya mashine ya kukereza miaka ishirini na sita ndiye wa mwisho kujua kuwa mwanangu anaingia karakana. Haya, yamepita. Nimefurahi, hata kama jana kwenye simu sauti yangu haikuonyesha.

Ninachoogopa unakijua: hutauliza. Utapewa kazi, utaitikia "sawa", kisha utarudi mezani ukisie.

Ule mchoro wa kishikio ulionitumia, uliopata alama tisini, nimeuangalia mara tatu. Mzuri. Nimemwonyesha hadi jirani, naye akatikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa kitu. Lakini lile shimo la katikati umelichora mraba, kona nne kali kama za sanduku. Kikatio cha mashine ni cha mviringo, mama, na kinazunguka. Kikiwa na kipenyo cha milimita 10, kila kona ya ndani itabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 5, upende usipende. Kona kali hupatikana, kwa mashine ya cheche za umeme, ila hiyo ni kazi ya pili na gharama ya pili, na chuma kikianza kupasuka huanzia kwenye kona kali. Halafu tundu la kupitishia bolti ya milimita 10, ambalo lingetobolewa milimita 11 na kazi ikaendelea, umeandika lisikosewe hata sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta ilikuruhusu. Fundi yeyote angekuonyesha hayo kwa dakika mbili, na karakana yenu iko ng'ambo ya uwanja tu. Ulisema mwenyewe umeingia mle mara nne kwa miaka mitatu. Chuo nacho kina lawama yake, lakini mlango haukufungwa.

Hapo chuoni swali linakuja likiwa limeshapikwa: mzigo huu, urefu huu, tafuta unene. Kiwandani atakuja mtu akwambie "inatetemeka", basi, aende zake. Inatetemeka lini? Ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Tangu ilipobadilishwa nini? Anayejua ni yule anayeiendesha zamu ya usiku, naye hasemi mpaka aulizwe, na aulizwe kwa adabu. Umwamkie kwanza. Shahada yako haimpunguzii umri.

Kile kisa cha hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, najua mlikisoma. Nakirudia kwa sababu nadhani mlifundishwa hesabu yake tu. Njia mbili za watu zilining'inia ndani ya ukumbi, moja juu ya nyingine. Mchoro wa kwanza ulitaka nondo ndefu zishuke kutoka darini, zipite kwenye njia ya juu, zifike ya chini. Watengenezaji wa vyuma wakaona taabu ya kuchonga hesi, ile mikato ya kukazia nati, kwenye nondo ndefu namna ile, wakapendekeza zikatwe: njia ya juu ishikwe na dari, ya chini ishikwe na boriti za ile ya juu. Kwenye karatasi ni badiliko dogo, hata hulioni. Lakini nati iliyo chini ya boriti ya njia ya juu, iliyokuwa inabeba njia moja, sasa ikabeba mbili. Mchoro ukarudi kwa wahandisi, ukagongwa muhuri, na hakuna aliyepiga hesabu upya. Tarehe 17 Julai 1981 njia zile zilianguka, wakafa watu 114. Hata mpango wa kwanza haukufikia kiwango cha sheria, lakini hilo waachie walimu wako. Mimi kinachonikosesha usingizi ni kwamba swali lenyewe lilikuwa fupi: nati hii sasa inabeba nini?

Kwa hiyo uliza. Na wakikuletea karatasi utie sahihi huku wamesimama mlangoni wakiangalia saa, waache wasimame.

Nami niliwahi kupewa mchoro uliokosa kipimo kimoja. Ofisi ya wachoraji ilikuwa ghorofani, ngazi nyingi, na mchoraji mwenyewe alikuwa na maneno makali. Nikapima kwa macho. Vipande arobaini vilikwenda kwenye pipa la vyuma chakavu. Aliyeitwa kujieleza ni kijana wa mashine ya pili, kwa kuwa karatasi ilikutwa mezani kwake. Mimi nilikuwa nafagia. Nilifagia vizuri sana siku ile.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza, tena sana. Nikirudi kutoka zamu nilikuwa nakwambia maswali yako yananichosha. Sijui kama unakumbuka. Natumaini hukumbuki.

Nywele uzifunge na kuziingiza ndani ya kofia. Pete vua. Mbele ya drili usivae glavu hata ukiambiwa ni usalama. Kinachozunguka kikishika glavu kinavuta mkono. Miwani vaa hata kama wengine hawavai. Daftari nunua dogo, la mfukoni, uandike kila unachoambiwa pamoja na aliyekwambia.

Hapa nyumbani bomba la jikoni linavuja tena. Baba yako amelikaza mpaka limevuja zaidi, na sasa anasema lilitoka kiwandani likiwa bovu. Chumba chako amehamia mdogo wako. Nimemwambia ni kwa muda, lakini ameshabandika mapicha yake ukutani, kwa hiyo ukirudi mtaelewana wenyewe. Ile meza yako ya kuchorea nimekataa isiguswe.

Venia yangu, kile kipimio changu chenye taya, nimeifunga ndani ya soksi ya kijivu, chini kabisa ya sanduku lako. Taya zake zikifungwa zinasoma sifuri kamili, nimezijaribu asubuhi hii. Usiitumie kufungulia makopo ya rangi kama baba yako, na usimwazime mtu. Ukifika piga simu, hata kama ni usiku. Mimi, si shangazi yako.

Mama yako