Barua kwa mwanangu: jembe lisubiri

Mwanangu Neema,

Hamjambo huko Arusha? Sisi hapa Moshi tu wazima, na vuli imeanza vizuri. Jana uliponiambia kijana wa bustani anataka kulima uwanja wote wa mbele, usingizi ulinipaa. Mwambie asubiri wiki mbili. Hayo majani chini ya dirisha unayoyaona kama magugu, mengi ni maua yangu ya kosmosi, yamejiotea kwa mbegu zilizodondoka kiangazi.

Amka mapema, uchuchumae, uyatazame vizuri. Mche wa kosmosi huanza na majani mawili membamba, marefu. Yanayofuata yamechanikachanika kama nyuzi, hutoka mawili mawili yakitazamana, na mche husimama wima. Lakini lipo gugu linalofanana nao, gugu karoti. Majani yake ya kwanza ni mafupi, ya duara, kisha hutanda chini kama sahani, na shina likipanda, majani hutoka moja moja kwa zamu. Hilo usilionee huruma hata kidogo, mwanangu. Mche mmoja huweza kumwaga mbegu zaidi ya 15,000, nazo hukaa ardhini miaka. Mimi niliwahi kuulea mmoja nikidhani ni kosmosi, hadi ukatoa vijiua vyeupe. Nikaung'oa kwa mikono mitupu, na mikono ikaniwasha wiki nzima. Wewe una pumu, kwa hiyo vaa glavu, ujifunge kitambaa puani, uling'oe pamoja na mzizi kabla halijachanua. Lililokwisha kuchanua usilitupe kwenye mboji.

Kosmosi zikifika kimo cha kiganja, zipunguze, ziachane kama sentimita 30. Najua moyo utakuuma kung'oa mche mzima wenye afya; mimi bado huniuma. Ila zikibanana hurefuka bila nguvu, na upepo mmoja tu huzilaza zote. Ulizong'oa hamishia kando ya njia, jioni, udongo ukiwa umelowa. Samadi usiziwekee, maana udongo ukinona sana utapata majani, maua utayatafuta.

Ukipenda zaidi kosmosi nyeupe, za rangi ya waridi zing'oe mara tu zinapofunua ua la kwanza, kabla nyuki hawajazichanganya.

Maua yakinyauka yakate kila baada ya siku mbili tatu, na mmea utaendelea kuchanua. Mwisho wa msimu acha mimea mitano au sita ikauke papo hapo. Mbegu zake ni nyeusi, nyembamba kama sindano iliyopinda, hunasa kwenye kanga ukipita. Weka kiasi kwenye bahasha, nyingine ziache zianguke. Sehemu hiyo usitandaze nyasi nene, mbegu zitashindwa kuchomoza.

Nikija Krismasi nitakuletea lile ua linalofunguka saa kumi jioni, ulilokuwa ukilingoja ukitoka shule. Nalo hujiotea, na mzizi wake hunenepa chini kama kiazi, kwa hiyo tutalipanda pembeni peke yake. Mbegu zake ni kama pilipili manga, na zina sumu. Mdogo wetu asizichezee, bado anatia kila kitu mdomoni.

Huyo kijana aanzie nyuma, kwenye bomba. Kule ni ukoka mtupu, alime atakavyo.

Mama yako