Kabla hujalipa hiyo Leaf ya yadi

Swahiba yangu,

Salamu sana, na mama umwambie nampenda na nitakuja, asiseme nimehamia huku Nairobi kabisa. Voisi yako ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza niko kwa foleni pale Mlolongo, ya pili usiku nimeketi ndani ya gari kwenye paking ya ploti, gari limechomekwa ukutani kama simu. Nikaona hii si ya kujibu kwa voisi, utaanza kunijibu katikati kabla sijamaliza kama kawaida yako. Basi tulia usome.

Umeuliza ununue hiyo Nissan Leaf, gari la umeme kama langu, ama usinunue, na ukauliza hizi stesheni za kuchaji haraka za barabara ya Mombasa zitafika kwenu lini. Hilo la stesheni naanza nalo maana kwangu limekuwa ugonjwa. Wallahi nazifuata kama vile babako alivyokuwa akifuata kombe la dunia kwa redio. Asubuhi kabla sijaosha uso nshafungua ile ramani ya simu kuona kama kuna kidoti kipya kimetokea kati ya Athi River na Mariakani. Tuko wachache wenye haya magari na tumejuana, mmoja akipita Emali anapiga picha ya shimo lililochimbwa kando ya petroli stesheni, mwingine anasema hapana hilo ni la tangi la maji, tunabishana wiki nzima. Kuna moja tuliifuata miezi mitatu: kwanza zege, halafu mlingoti, halafu kabati lenyewe limefungwa nailoni, halafu nailoni ikakaa hapo mpaka ikapauka kwa jua. Mke wangu ananiuliza hivi wewe ukijengewa nyumba ungefuatilia hivyo?

Mwishowe kidoti kikageuka kijani. Si mbali na Makindu, kilomita kama 160 kutoka kwangu. Sitaji stesheni wala kampuni, utaona kwa nini.

Nikatoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi peke yangu, betri imejaa, nikaenda pole pole 80 nyuma ya matrela, AC nimezima. Kwenda pwani ni raha we jamaa, maana Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na ninyi mko usawa wa bahari, barabara yote inateremka na kila ukiachia mafuta (bado nasema mafuta, ulimi haujazoea) gari linavuta nyuma na kurudisha stima kwa betri. Nikafika na asilimia 30. Nilikuwa najisikia rubani.

Nafika, chaja ipo, inang'aa, taa ya kijani, skrini imeandika karibu. Waya mbili nene kama mkono wa mtoto. Navuta ya kwanza naileta kwa pua ya gari, kichwa chake kina tundu nyingi juu na chini kina macho mawili makubwa, na tundu la Leaf ni duara tupu. Haiingii hata kwa maombi. Askari wa pale akasogea, akaangalia, akaniambia kwa upole, "Lazimisha kidogo mzee, ni mpya ndo maana imekaza." Navuta ya pili, hiyo ndo yenyewe, duara, inaingia, inalia klak, roho ikatulia, halafu skrini ikafikiria dakika mbili ikaleta maandishi mekundu: hitilafu. Tena. Hitilafu. Napiga ile namba iliyobandikwa, dada ananiambia hiyo waya ya pili bado haijawashwa, inasubiri fundi, na kwani gari langu ni la aina gani, nikamwambia Leaf, akasema "ooh" kwa sauti ya mtu anayekupa pole ya msiba.

Sasa hesabu. Niko na asilimia 30, nyumbani ni kilomita 160 na zote ni kupanda. Kupandisha hili gari na mimi ndani kutoka hapo mpaka Nairobi ni yuniti kama 3 juu ya zile za mwendo wa kawaida, nilishapiga hesabu kitambo. Siwezi. Nikazunguka na kuomba soketi kama mtu anayeomba maji ya kunywa, hoteli ya kwanza wakacheka, ya pili wakasema tokeni imebaki kidogo, ya tatu ni gesti, mama mwenye gesti akaja mwenyewe kulitazama gari, akanipa chumba cha mwisho ili waya ipite dirishani. Soketi ya ukutani ya kawaida inatoa kilowati mbili na kitu, kwa hivyo nilijua ni kulala tu hapo. Asubuhi kulipa naona risiti imeandikwa vyumba viwili. Namuuliza mama mbona, nilikuwa peke yangu. "Kimoja chako, kimoja cha gari. Na lenyewe limekula zaidi yako." Nikalipa, ningesema nini.

Lakini jioni ile sikuikalia bure. Nilichukua boda mpaka hekalu la Masingasinga pale Makindu, unalikumbuka, tulikuwa tunasimamishwa hapo na baba tukienda Nairobi, unavua viatu unafunika kichwa wanakupa chai na chapati na dengu bila hata kukuuliza unatoka wapi. Nimeketi chini na kikombe changu ndo nikakumbuka kitu nilisoma: hiyo plagi ya duara inaitwa CHAdeMO, na Wajapani walioitunga walichezea maneno yao ya kusema "vipi, tunywe chai?", yaani gari lichaji wewe ukipata kikombe. Nikacheka peke yangu mzee mmoja akanigeukia. Chai nimepata, chaji sijapata.

Ndo nafika kwa hiyo Leaf yako. Neno la kwanza nakwambia ni plagi. Leaf zote zinazotoka Japani kuja kwa yadi zenu hapo Mombasa zina CHAdeMO ya kuchaji haraka. Dunia imeshaanza kuhama huko. Ulaya imeshika ile ya macho mawili, inaitwa CCS, hata Nissan wenyewe walipotoa Ariya kwa soko la Ulaya waliiwekea CCS, na Leaf mpya ya 2025 pia huko wameipa hiyohiyo. Kwa hivyo mtu anayejenga stesheni leo anaangalia magari yanayokuja kesho, waya ya CHAdeMO anaiweka moja kwa huruma, au haiweki. Adapta zipo ndio, lakini bei yake unapata ng'ombe wa maziwa na mwenye nayo hakuazimi.

Na usidhani wajengaji ni wavivu, hapo niwatetee kidogo japo wamenilaza gesti. Chaja ya kilowati 50 ikiwa kazini ni kama birika 25 za umeme zimewashwa pamoja, saa nzima, kwa mji ambao mashine ya kusaga ikiwashwa taa zinafifia. Lazima transfoma, lazima laini ya fezi tatu, na ukishamaliza yote unakaa unangoja magari mawili kwa siku. Magari yanangoja stesheni, stesheni inangoja magari. Hapo katikati ndo nimo mimi na nailoni iliyopauka.

Neno la pili ni betri. Hii Leaf haina maji ya kupoza betri, inapozwa na upepo tu, kwa hivyo ukiichaji haraka, ukaendesha haiwei kwa jua, ukachaji haraka tena, inapata joto na inajikataza yenyewe, ile mara ya pili inakunywa kwa mrija. Hata stesheni zote zikiwaka kesho kutoka Athi River mpaka Mazeras, safari ya Mombasa kwa hii gari inahitaji chaji mbili ama tatu na ya mwisho utaisubiri hadi uote ndevu. Na joto la kwenu si la huku. Usiiache imejaa mia kwa mia imepigwa na jua la saa saba, iweke asilimia 80 na kivuli.

Pale kwa yadi, washa gari uangalie kulia kwa dashibodi, kando ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo vidogo vya afya ya betri, vikitimia ni 12. Kikianguka kimoja tu ujue karibu asilimia 15 imeshaenda, yangu ina 11 na ndo hivyo unavyoniona. Lakini vipande visikudanganye, kuna wajanja wanavirudisha 12 kwa kompyuta gari liuzike, baada ya wiki chache vinaanza kudondoka kama meno ya mtoto. Chukua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na apu ya LeafSpy, isome asilimia ya afya yenyewe. Muuzaji akikukataza kukichomeka, mpe mkono wa kwaheri. Na uulize betri ni ya yuniti 24, 30 au 40, maana kwa nje ya 24 na ya 30 ni pacha, na mtu wa yadi atakwambia zote ni "ful chaji mia tatu kilomita". Yangu ni ya 40, ikiwa mpya Wamarekani waliipima ikapata kilomita kama 240. Skrini itakuwa ya Kijapani, hiyo zoea tu, mimi mpaka leo kuna sauti ya mama ndani ya gari inaniambia kitu kila nikiwasha na sijui ni salamu au onyo.

Sasa usidhani nakukatisha tamaa. Kwa safari zako wewe, Bamburi mpaka tauni, watoto Nyali, Jumapili kwa wakwe, hiyo ni kilomita 50 kwa siku hazifiki, stesheni huitaji hata moja, unachaji ukilala. Mimi kujaza kwa tokeni ya nyumbani ni kama elfu moja na mia tatu, ile Probox kwa safari hizohizo ilikuwa inameza zaidi ya elfu tatu. Na tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya magari, ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku kabla ya kodi, lakini inataka mita yake peke yake na ploti yangu landlodi amegoma. Wewe una nyumba yako, fuatilia. Ile ya usiku ni rahisi kwa sababu mvuke wa Olkaria haulali, watu wakizima taa unaendelea kutoka tu ardhini na hauna mnywaji.

Ila tafadhali, soketi. Usifanye nilivyofanya mwezi wa kwanza, nikatumia ekstensheni ya kunyooshea pasi, usiku nasikia harufu ya plastiki, nikatoka na taulo nakuta plagi imegeuka kahawia na imeshikana na soketi, tuliibandua na bisibisi. Muite fundi, akuvutie waya nene kutoka kwa mita moja kwa moja, akuwekee soketi kubwa ya blu. Watoto wa ploti tangu siku hiyo wanaliita gari langu "pasi". Pasi ya baba fulani imerudi. Nimezoea.

Kwa hivyo ukiinunua inunue ya mji, kwa hesabu ya soketi yako. Akikwambia muuzaji "stesheni zinakuja boss, mwaka huu zitajaa njia nzima," muulize ziko na waya gani, umtazame macho.

Kesho ukipata nafasi pita hapo yadi, ufungue kile kifuniko cha pua, unipigie picha ya tundu zote mbili, na dashibodi ikiwa imewashwa, na ile karatasi ya mnada wa Japani kama wanayo. Usilipe hata ile ya kushikilia mpaka nikujibu.

Na sikukuu ya Idi nakuja, mwambie mama aloweke mbaazi. Nshakata tiketi ya SGR. Ndio, najua, cheka tu, mwenye gari la umeme anakuja kwenu na treni ya dizeli.

Wako yuleyule,
wa pasi